Hodi ya Nne

Rafiki yangu Subira amenisimulia jambo hili mara mbili, bila kubadilisha neno. Mwaka 1984 alikuwa akipeleka piza majumbani kwa hoteli ya Ranjan, mjini Nyeri. Wiki moja piza mbili zilirudi kwa sababu wenye nyumba hawakuwepo.

"Hii nayo ikirudi, wewe kaa huko huko nayo," Ranjan alimwambia. "Kazi imeisha."

Saa kumi alasiri alifika kwenye nyumba ya mawe, mtaa wa Kamakwa. Ukungu ulikuwa mzito, na baraza lilikuwa giza. Akapiga hodi mara tatu. Kimya. Kwa desturi ya kwao, usipojibiwa mara ya tatu unaondoka. Lakini aliihitaji kazi ile, akapiga hodi ya nne.

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, karibu kabisa na mlango: "Hodi?"

Kwa mazoea tu, Subira akaitikia, "Karibu."

Akasikia miguu mitupu ikimpita polepole. Ndipo alipoona kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa kufuli lililoshika kutu. Kwenye saruji, nyayo mbichi za maji zilishuka ngazi, zikashika njia ya kwenda mjini.