Chakula cha Tabia

Kisoma-tabia kilining'inia darini kama kiota cha nyigu, macho yake sita yakimfuata mtoto kila alikokwenda. Kiliandika mambo matatu tu: kilichotangulia, alichotenda mtoto, na kilichofuata. Tabia, walivyofundishwa wapimaji wote wa Dodoma mpya, haiishi bila kulishwa. Mtoto akipiga kelele akapewa peremende, kesho atapiga tena. Mashine hukitafuta chakula cha tabia na kukitaja, mpimaji akakiondoa. Siku hizi hakuna viboko wala waganga.

Nyamizi alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Siku hiyo alikuwa ghorofa ya arobaini, kwa Sekela, mtoto wa miaka saba aliyemng'oa Yaya mkono kwa mara ya tisa. Yaya alikuwa mlezi-mashine. Alipika uji, akasuka nywele, akaimba bila kuchoka, wala hakuwahi kununa. Mama yake Sekela alikuwa fundi katika kituo cha angani, akirudi kila baada ya miezi mitano. Baba hakutajwa. Mkono uking'oka mara ya kumi, mtoto angepelekwa bweni la marekebisho.

"Yaya anakuumiza?" Nyamizi aliuliza.

"Hapana, anti."

"Anakunyima chakula?"

"Ananipa mpaka nashiba."

"Sasa mkono wa watu unaung'oa wa nini, mama?"

Sekela alicheka, pengo likaonekana. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na jino. "Limetoka juzi. Nimekutunzia. Yaya hajui kwamba linatupwa juu ya paa."

Kisoma-tabia kikalia. Nyamizi akatazama kioo chake cha mkononi, akapigwa na butwaa. *Chakula cha tabia: ujio wa mpimaji. Ushauri: mpimaji asirudi.*

Mkuki kwa nguruwe. Mara ngapi alikuwa amewasomea wazazi maneno kama hayo, akawaaga na kwenda zake kula chakula cha mchana? Sasa alisimama pale, haya zimemjaa. Alijua ilivyokuwa kila mkono ulipong'oka na kengele ya nyumba hii ikalia ofisini. Alichagua gauni lililopigwa pasi. Nyumbani kwake hakuna aliyemngoja, na kengele ile ilimfurahisha. Naye alikuwa akilishwa. Mashine haikuliandika hilo, kwa kuwa ilisoma watoto tu.

"Utakuja lini tena?" Sekela aliuliza.

"Nitakuja," alisema Nyamizi, akashindwa kutaja siku.

Ofisini aliomba kibali cha kumtembelea mtoto siku ambazo hajavunja kitu. Aliwaeleza kwamba huo nao ni utabibu: mpe mtoto kile anachokitafuta kabla hajakivunjia vitu. Mkuu wake alimsikiliza kwa upole. "Dada Nyamizi, mpimaji huitwa na tukio. Pasipo tukio, wewe ni mgeni tu, na mwenye nyumba yuko angani."

Wiki tatu zikapita bila kengele kulia. Ofisi ikaandika kwamba mtoto amepona.

Jumamosi mchana Nyamizi akapanda ghorofa ya arobaini kwa nauli yake, akabisha.

"Hakuna tukio," ilisema sauti tamu ya Yaya nyuma ya mlango. "Mpimaji hahitajiki. Mlango haufunguki."

"Sikuja kupima. Nimekuja kusalimia."

"Ombi hilo halimo."

Miguu midogo ikakimbia sakafuni, ikasimama mlangoni.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha mtoto akanong'ona, "Nivunje, ili ufunguliwe?"

Nyamizi aliweka kiganja mlangoni. Neno moja tu, mlango ungefunguka, naye angemkumbatia kabla gari la bweni halijafika.

"Usivunje, mama," alisema. "Usivunje kitu. Jino bado unalo?"

"Ninalo."

"Basi lipitishe chini ya mlango. Kwangu kuna paa la bati."

Kitambaa kikachungulia, kikakwama, kikasukumwa kwa kidole. Nyamizi akapiga magoti, akakipokea. Kidole hakikurudi ndani. Akakishika, akaketi kwenye sakafu baridi ya ujia huku Yaya akirudia kwamba hakuna tukio.