Usinichekeshe, Semeni

Semeni na Riziki walikuwa marafiki wa kucheka. Mmoja akianza, wa pili hawezi kunyamaza.

Siku moja walipanda gari la mjomba wake Semeni, mjomba Mbelwa. Walikuwa wanakwenda Lushoto, juu milimani, kulala kwa bibi yake Semeni.

Chini, pale Mombo, jua lilikuwa kali. Mjomba akawanunulia juisi ya miwa. Riziki alikunywa yake yote. Kisha akamalizia ya Semeni.

Barabara ikaanza kupanda. Ngurrr, ngurrr, gari likanguruma.

Kona kushoto, wote wakalalia kushoto.
Kona kulia, wote wakalalia kulia.

Semeni alifurahi kama anatekenywa. Kule chini nyumba zilikuwa ndogo kama viberiti. Huku juu, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya miti.

Lakini Riziki alikuwa kimya. Alikuwa amebana miguu. Alimnong'oneza Semeni kwamba amebanwa na mkojo.

Semeni alitaka kumwambia mjomba. Riziki akatikisa kichwa. Aliona haya. Mjomba Mbelwa hakuwa mjomba wake, na alikuwa na masharubu makubwa sana.

"Usinichekeshe, Semeni," alisema. "Nikicheka, utatoka."

Semeni akaahidi. Akakunja uso kama mtu aliyelamba ndimu.

Kona kushoto, wote wakalalia kushoto.

Kando ya barabara, chini kidogo, palikuwa na nyumba. Juu ya bati alisimama mbuzi. Mbuzi akawatazama. "Meee," akalia.

Semeni akajaza mashavu hewa. Riziki naye akajaza mashavu.

"Usinichekeshe, Semeni. Nikicheka, utatoka."

Semeni akamwambia afikirie jambo la huzuni. Riziki akafikiria uji usio na sukari. Uji ule ukasaidia kidogo.

Kona kulia, wote wakalalia kulia.

Godoro lilikuwa linashuka mlima. Godoro lenye miguu miwili. Mtu alikuwa amelibeba kichwani, likamfunika mpaka kiunoni. Mjomba akapiga honi, piii. Godoro likatoa mkono, likawapungia.

Semeni akauma mkono wa sweta. Riziki akafumba macho.

"Usinichekeshe, Semeni. Nikicheka, utatoka."

Halafu wakafika kwenye maporomoko. Maji meupe yalianguka kutoka juu. Shwaaaa. Mjomba akapunguza mwendo. Akafungua dirisha, akawaambia wasikilize vizuri. Shwaaaa.

Riziki hakutaka kusikiliza. Chozi likamdondoka, to.

Semeni akaliona lile chozi. Kicheko chote kikamwisha. Yeye hakuwa amebanwa hata kidogo. Lakini alimshika Riziki mkono, akasema kwa sauti:

"Mjomba, tutafutie choo. Mimi na Riziki tumebanwa."

Masharubu ya mjomba yakatikisika.

"Hata mimi," akasema. "Tangu kule Mombo. Niliona haya kuwaambia."

Semeni akaangua kicheko. Mjomba akacheka, gari zima likacheka. Riziki akabana miguu. Akabana midomo. Akabana hata vidole.

"Msinichekeshe. Nikicheka, utatoka!"

Upande huu mlima, upande ule bonde. Hapakuwa na pa kusimama. Gari likapanda, ngurrr, ngurrr.

Kona kushoto. Kona kulia. Kona ndefu isiyokwisha.

Mara wakaona kibanda. Mama mmoja alikuwa anauza mapeasi.

Gari likasimama. Riziki akashuka, magoti yameshikana kama yamegundishwa. Yule mama hakuuliza kitu. Alinyoosha kidole tu, nyuma ya kibanda.

Riziki akakimbia, pata pata pata. Mlango wa choo ukafungwa, kwaa.

Nje, mjomba Mbelwa alisubiri zamu yake. Alisimama kwa mguu mmoja. Kisha akasimama kwa mguu wa pili.

Mlango ukafunguliwa. Riziki akatoka polepole, mkavu kabisa. Mjomba akapita mbio. Riziki akaenda mpaka kwa Semeni, akasimama mbele yake.

"Haya," akasema. "Sasa nichekeshe."

Semeni akajaza mashavu tu. Wote wawili wakaanguka kwenye nyasi, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Baadaye ndipo wakakumbuka kumwamkia yule mama. Akaitikia marahaba, akawapa peasi moja moja.

Jioni walifika kwa bibi. Kulikuwa na baridi. Bibi aliwapa maharage ya moto, akawalaza kitanda kimoja, akawafunika blanketi zito.

Kukawa kimya. Kisha blanketi likaanza kutikisika.

Bibi akawauliza wanacheka nini. Hawakuweza kumjibu. Bibi akajaribu kuwakaripia, lakini kicheko kilimponyoka.

Akakaa kitandani, akacheka nao, bila kujua anacheka nini. Akacheka mpaka kicheko kimoja kikanyamaza, na cha pili kikanyamaza. Vichwa viwili vilikuwa vimelala.