Mipira Ishirini, Basi

Kila siku baada ya masomo tulikwenda uwanjani, na kila siku mwalimu wa michezo aliniudhi. Mimi ni mrushaji katika timu ya besiboli ya shule. Wenzangu waliniita Manati kwa jinsi mpira wangu ulivyokwenda kasi. Lakini mpira wenyewe sikupewa! Nilipewa kamba ya kuruka, kuchuchumaa na mbio fupi, kisha naambiwa nikapumzike. Zilibaki wiki mbili tucheze na shule jirani, na mrushaji wa kuanza mechi alikuwa hajachaguliwa.

Nikaona ananibania tu. Basi nikawa narusha kwa siri nyuma ya nyumba, mipira mia kwa siku, nikilenga ukuta. Siku ya nane bega liliuma nikashindwa hata kuchana nywele. Mwalimu aliponiuliza kama bega ni zima, nilimjibu ni zima kabisa, macho makavu.

Jumamosi mama alinituma nimpelekee shangazi chakula kazini. Shangazi ni fundi wa lipu. Nilimkuta akiirusha ukutani kwa mwiko, pa, pa, pa, tangu asubuhi, wala hahemi. Nilipomnyooshea chombo, mkono ukalegea, nusura kianguke. Akaniuliza nina nini. Nikaropoka yote huku nalia kwa hasira.

Hakunibembeleza. Aliniambia nitazame miguu yake, nisitazame mkono. Kweli, magoti yalikunjwa, kiuno kikageuka, na mkono ukafuata mwisho kabisa.

“Nilipoanza kazi nilitumia mkono mtupu,” alisema. “Bega likaharibika, nikakaa nyumbani miezi mitatu. Mwalimu wako anakujengea miguu, wewe unabomoa bega. Kamwambie ukweli.”

Jumatatu nilimwambia. Alinipeleka zahanati, kisha akanitoa kwenye mechi. Niliumia moyo kuliko bega. Nilikaa kwenye benchi nikitazama tunavyoshindwa, na safari hii sikuwa na wa kumlaumu ila mimi.

Niliruka kamba wiki sita, nimenuna. Bega lilipopona, mwalimu akanipa mpira. “Ishirini, basi,” akasema, akaenda zake kwa wengine. Hakuna aliyehesabu ila mimi. Wa ishirini ulianzia miguuni, ukalia ndani ya glavu ya mdakaji kuliko yote ya zamani. Mkono uliniwasha kurusha mmoja zaidi. Nikauweka mpira chini.

Shangazi alikuwa kando ya uwanja, amepita kunitazama akitoka kazini, lipu imemkaukia viatuni.

“Sasa ndiyo umekuwa mrushaji,” alisema. “Mwili unajengwa kwa mazoezi na kwa kupumzika. Ukimficha mwalimu maumivu yako, unayemdanganya ni wewe mwenyewe.”