Nilishangilia Ufadhili wa Sheria Kabla ya Kuuelewa

Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, naishi Mbagala na wazazi wangu. Naandika haya nikiwa bado naumia... Labda mmoja wenu atapona kupitia kwangu.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata bahati mbili kwa mpigo. Chuo cha serikali kilinipa nafasi ya kusomea sheria, na mkopo nilikuwa nimeshapata. Mara chuo kimoja binafsi kikanipa ufadhili wa sheria hiyohiyo, nisome bila kulipa ada. Nani angechagua mkopo mbele ya bure?

Baba yangu alikuwa akibeba mizigo bandarini. Siku ya kwenda kuthibitisha alinisindikiza, amevaa kanzu yake ya Idi. Akamuuliza kijana wa udahili, "Mwanangu, huu ufadhili ni mpaka amalize?"

"Shikamoo mzee wangu! Huu ni ufadhili kamili. Yeye tu akaze buti," yule kijana akajibu huku anatabasamu.

Baba akamshika mkono kwa mikono miwili. Hatukugundua kwamba swali lake halikujibiwa!

Sharti lilikuwepo, na nililisoma: kila mwaka niwe miongoni mwa kumi bora wa darasa. Sikutishika hata kidogo. Shuleni nilikuwaga wa kwanza au wa pili miaka yote. Ningeogopa nini?

Chuoni nikakutana na Rehema, binti wa Chamazi. Tulipanga chumba kimoja, tukala sahani moja, tukalia pamoja alipofiwa na bibi yake. Nilimwita pacha wangu.

Lakini darasa lile halikuwa la kawaida! Nilisoma mpaka macho yakavimba, na bado watu walinipita. Matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, nilikuwa nimefaulu masomo yote. Nikampigia baba simu, akashangilia kama mtoto... Kesho yake nikaitwa ofisini. Sikuwemo kwenye kumi bora. Ufadhili umekwisha.

Kumbe darasa letu zima lilikuwa la wenye ufadhili! Walikusanya vichwa vya kila mkoa, wakatuweka pamoja, tugombanie nafasi kumi. Wengine lazima tungeanguka, hata tungesoma vipi. Na tukianguka, tunabaki kuwa walipa ada. Huo kama si mtego ni nini?

Nikamkimbilia Rehema. Yeye alikuwemo kwenye kumi. Nikamweleza huku nalia, wala hakushangaa.

"Mie nilijua mapema," akasema bila kunitazama. "Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia."

"Rehema! Sasa mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungekaza zaidi, shoga yangu. Ungenitoa mimi."

Nilikaa sakafuni.

Nafasi ya chuo cha serikali nilishaiachia, pamoja na mkopo wake. Baba akaniambia nisilie, akauza nyumba aliyokuwa akiijenga, iliyobakiza kuezekwa tu. Pesa ile ikaishia mwaka wa pili. Akaanza kubeba zamu mbili, mwili wa mzee ule! Siku moja akaangukia kazini. Kiharusi!

Nikaacha chuo. Leo nachapa hati za watu kwenye steshenari jirani na mahakama. Nasikia Rehema ameshaapishwa uwakili. Nilimchukia sana... siku hizi najiuliza tu, ningekuwa mie, ningesema?

Baba yuko kitandani, mdomo umepinda. Wageni wakija kumjulia hali, hujitahidi kutamka, "Huyu... wakili wangu." Wageni hutazama chini. Mie huenda jikoni.

Wadogo zangu, msishangilie neno ufadhili kabla hamjalielewa! Ulizeni unadumu mpaka lini, wangapi wanapewa, na wangapi wanamaliza nao. Watafuteni walioupoteza, msiwasikilize tu wale wanaowekwa kwenye mabango. Mkijibiwa kwa tabasamu, ulizeni tena, hata mkionekana wakorofi. Sie tuliona haya kuuliza mara ya pili... na baba yangu hasimami tena.