Mlango wa Ukurasa wa Sita

Jumatano, saa tisa alasiri.

Genge lilikutana nyuma ya stesheneri, kati ya katoni za karatasi na mashine ya fotokopi iliyokufa. Watu watatu. Viti viwili. Aliyesimama alikuwa mwanamke, na hakuna aliyeona ajabu.

Kiongozi walimwita Nakala. Duka lilikuwa lake. Mbele aliuza kalamu na kubandika vitambulisho plastiki. Nyuma aliuza tasnifu. Ukimpa mada Jumatatu, Ijumaa unachukua kitabu chenye jalada gumu, jina lako kwa wino wa dhahabu, na ndani yake maneno ya watu wasiojua hata kwamba wamekusaidia. Arobaini na tatu walikuwa wamepitia mlango huo. Wengine sasa wanaitwa daktari, na hawawezi kutibu hata kikohozi.

Mmoja wa madaktari hao ndiye aliyewatuma. Naibu Mkuu wa Chuo. Kwenye genge walimtaja Mheshimiwa tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja ugonjwa wa aibu.

Shida ilikuwa mashine. Chuo kilikuwa kimenunua seva mpya, boksi jeusi lenye ukubwa wa begi la msafiri, kikaliita Kichujio. Kazi yake ni kusoma tasnifu zote za maktaba, za miaka ishirini, na kusema ipi iliibwa wapi. Ilikuwa imesoma wiki nzima. Majibu ilikuwa nayo tumboni. Kesho saa nne asubuhi, mbele ya mgeni rasmi, ingeyatapika ukutani watu wote wayaone.

"Boksi linatoka kabla ya saa nne," Nakala alisema. "Likitoka, tumepona. Lisipotoka, mimi jela, Mheshimiwa kwake, na wewe Injinia ukauze vocha."

Injinia ndiye wa pili, fundi wa kompyuta wa chuo. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Watu walimwita Nywila, kwa sababu ukimpelekea shida yoyote, hata ya kiti kuvunjika mguu, atakwambia ubadilishe nywila. Seva zote alizisimamia kwa mbali, kutoka ofisini kwake ghorofa ya nne, miguu juu ya meza. Chumba chenyewe cha seva alikuwa amekiingia mara mbili tangu aajiriwe. Alijisifu kwa hilo.

Wa tatu, yule aliyesimama, alikuwa Shangazi. Shangazi wa damu, dada wa baba yake Nakala, mfagiaji wa chuo kwa miaka kumi na tisa. Walimtaka kwa ajili ya ufunguo. Mlango wa chumba cha seva ulikuwa wa kisasa, unafunguka kwa kidole na kuandika jina na saa ya kila aliyeingia. Lakini vidole vya Shangazi vilikuwa vimelambwa na dawa ya choo hadi vikawa laini kama mgongo wa kijiko. Mashine ikamkataa. Ikamkataa wiki mbili, vumbi likajaa hadi seva zikaanza kukohoa. Mwishowe wakubwa wakampa ufunguo wa zamani wa chuma. Mlango wa kisasa ukabaki pambo. Ufunguo hauandiki jina la mtu.

Ujira wake ulikuwa namba moja tu. Sabini na moja.

Ndizo alama za binti yake katika somo la takwimu. Karatasi ya mtihani ipo, ina wino mwekundu, iko kwenye kabati la mhadhiri ambalo Shangazi mwenyewe hulipangusa kila Jumanne. Ila chuo kilipohamia mfumo mpya, alama ilidondoka njiani. Binti akaenda kwa mhadhiri. Mhadhiri akamtuma kwa Msajili. Msajili akamtuma kwa fundi. Nywila hakuinua hata macho, akamwambia mfumo haujasoma. Miaka miwili sasa. Mfumo ndio haukusoma, aliyenyimwa cheti ni aliyesoma.

"Nitamwekea," Nywila alikuwa ameahidi. "Kesho kabla kitabu hakijafungwa." Kesho hiyo saa kumi jioni Msajili angefunga matokeo. Baada ya hapo hakuna mkono wa mtu unaoweza kuongeza wala kupunguza.

Nakala akatandaza mpango juu ya katoni. Haukuwa wake. Mtu huyu hajawahi kuandika kitu chake tangu ajue kushika kalamu. Ilikuwa ripoti ya usalama wa majengo, imeandikwa na mshauri mwelekezi mwenye shahada tatu, na Mheshimiwa ndiye aliyeichomoa kwenye faili. Akafungua ukurasa wa sita, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Chumba cha seva kina milango miwili. Wa magharibi unatazama korido, na una kamera. Wa mashariki hauna kamera, unafunguka kuelekea maegesho ya magari, kando ya bwawa la samaki.

"Tunaingia magharibi na toroli tupu, kama mafundi," alisema. "Tunatoka mashariki na mzigo. Gari la Mheshimiwa linasubiri maegesho."

Shangazi akauliza bwawa gani. Hapa hata bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki, samaki wangeishi kwa imani? Na mlango ule wa nyuma ya kabati, akasema, mimi naujua, ukiufungua unatokea...

"Shangazi." Nakala alifumba macho kama mtu anayeumwa na jino. "Hii imeandikwa na daktari. Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi waachie waliovuka."

Nywila akacheka mpaka akashika mbavu. Shangazi naye akacheka kidogo, kwa adabu. Mwizi wa maneno alikuwa ameshika maneno ya wizi mkononi, harufu yake inamwingia puani, na hakuitambua. Ndiyo elimu hiyo.

Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi.

Stoo ya mafagio. Nakala na Nywila wamevaa makoti ya kazi ya bluu na barakoa za vumbi. Toroli iko tayari. Shangazi amekaa juu ya ndoo, ufunguo umefungwa kiunoni kwa kamba, chini ya kanga.

"Kwanza alama," alisema. "Mlango baadaye."

Nakala akamkumbusha kwamba wao ni damu moja. Shangazi akakubali kwamba ni damu moja, na kwamba ndiyo maana anataka kwanza alama.

Nywila akafungua laptopu yake juu ya pipa la taka. Akagonga, akasonya, akagonga tena. Kazi iliyomshinda kwa miaka miwili ikachukua dakika nne. Shangazi akampigia binti yake simu, akamwambia afungue ukurasa wake wa matokeo na asiulize. Akasubiri. Upande wa pili mtu akaanza kulia.

"Sabini na moja, mama. Ipo. Nani ameirudisha?"

"Mfumo umesoma," Shangazi alisema, akakata simu, akafungua kamba.

Saa tatu na dakika ishirini.

Chumba cha seva kilikuwa baridi kama mochwari na kilinguruma. Nyaya zilishuka darini kama nywele za mtu asiyejua kitana. Injinia akasimama katikati, akageuka, akageuka tena. Hakujua Kichujio kilikuwa kipi. Shangazi akamwonyesha kwa mpini wa fagio.

Skrubu nane. Bisibisi aliyoleta Nywila haikuingia hata moja. Nakala akachomoa silaha ya genge, kisu cha kukatia karatasi, akaanza kuchokonoa. Ncha ikavunjika. Jasho likamtoka kwenye chumba cha barafu.

"Una sarafu, mwanangu?" Shangazi aliuliza.

"Funga mdomo ushike tochi."

Saa tatu na nusu skrubu ya tatu ilitoka. Walitumia sarafu.

Shangazi alikuwa nyuma ya rafu, anakunja nyaya kama alivyoamriwa. Watu hawa wawili walikuwa na kasoro ya wakubwa wote wa chuo kile: mbele ya mfagiaji husema kama mtu yuko peke yake na ndoo. Nakala akauliza ile alama ya mtoto haitawaletea balaa. Nywila akamjibu huku akikaza taya, anazungusha sarafu.

"Nitaifuta saa tisa, kabla Msajili hajafunga. Niache mkono wangu kwenye mfumo kwa ajili ya mtoto wa mfagiaji?"

"Na wakiuliza nani aliyefungua hapa?"

"Ufunguo ni wa nani?"

Nakala akageuza macho kuelekea rafu. Mwanamke huyu ndiye aliyemwogesha, aliyemfuta kamasi, aliyeuza mtungi wake ili yeye apate kiatu cha shule. Akapokea skrubu moja, akaitia mfukoni. Kisha akacheka.

Nyuma ya rafu Shangazi alimaliza kukunja waya. Akaufunga fundo zuri.

Saa nne kasoro dakika kumi.

Boksi limelala juu ya toroli, limefunikwa turubai. Kwenye korido zikasikika buti. Walinzi wa mgeni rasmi walikuwa wamefika mapema, wanajipanga ukutani kuanzia mlango wa magharibi. Kurudi hakupo.

"Kabati," Nakala alinong'ona. Wakalisukuma. Nyuma yake palikuwa na mlango wa mbao, rangi imebanduka, kitasa cha zamani. Nakala akaushika. Kwa mara ya kwanza tangu jana, akasita.

"Shangazi. Huu ndio wa maegesho, sivyo?"

Shangazi akamtazama. Akatazama laptopu ya Nywila ndani ya mkoba wake.

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema ndio."

"Basi si kaandika daktari," Shangazi alisema. Akaingiza ufunguo, akazungusha, akawapisha kwa heshima.

Wakasukuma toroli kwa nguvu za wawili. Pazia zito jekundu likawapiga usoni. Nakala akalipasua kwa bega. Mwanga.

Watu mia sita walikuwa wameketi wanawatazama.

Chumba kile kabla ya kuwekwa seva kilikuwa stoo ya viti vya ukumbi. Kila aliyefagia alijua. Mlango wa mashariki ulitokea jukwaani.

Nyuma yao ufunguo ulizunguka. Klik.

Mshereheshaji wa shughuli alikuwa ametumia dakika kumi nzima akisimulia utani baridi, kwa sababu mgeni rasmi alifika kabla ya ratiba. Alipoona makoti ya bluu, toroli na turubai, aliona wokovu. "Mabibi na mabwana," alisema, "mashine yenyewe!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mkuu wa Chuo, ambaye hakuwa na habari ya jambo lolote lililotokea katika chuo chake, akasimama na kupiga zaidi ya wote. Safu ya mbele, kiti cha tatu, Mheshimiwa hakupiga.

Mkuu wa Chuo akamtambua Nywila hata na barakoa. "Injinia wetu huyo! Chomeka tuone."

Nywila akasema labda kwa mbali, kutoka ofisini. Ukumbi ukacheka. Akasema pengine wabadilishe nywila kwanza. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene asiyependa kupotezewa wakati, akapanda jukwaani, akachukua waya wa projekta mwenyewe, akauchomeka. Akabonyeza. Kichujio kikanguruma, kikafikiri dakika tano. Nakala alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mlango. Akasukuma. Akasukuma tena.

Ukutani maandishi yakatokea. Tasnifu arobaini na tatu, za juu kabisa kwa wizi. Ya kwanza ilikuwa na jina la Mheshimiwa. Asilimia tisini na nne.

Na chini yake, kwa kila moja ya zile arobaini na tatu, mashine ilikuwa imeonyesha mstari mmoja uliojirudia bila kukosa. Nakala hakuwahi kuandika kitu chake maishani isipokuwa huo. Alikuwa akiuweka kwa herufi ndogo mwisho wa kila kitabu, kama tangazo: *Kazi safi, piga simu*, na namba.

Mgeni rasmi akaisoma namba hiyo kwa sauti. Mwanafunzi mmoja safu ya nyuma akaipiga.

Simu ikalia jukwaani, ndani ya koti la bluu.

Saa kumi kasoro dakika tano.

Ukumbi mtupu. Shangazi anapiga deki jukwaa. Laptopu ya Nywila iko kituoni, na Nywila yuko kituoni, na Nakala na Mheshimiwa wako benchi moja naye, kila mmoja anaeleza kwamba kazi yote ilifanywa na mwenzake. Afande mmoja amebaki nyuma na daftari. Ufunguo hakuuliza sana. Mfagiaji hufungua chumba kila asubuhi, na mafundi wawili, mmoja wao wa chuo, wana haki ya kuingia. Ile ripoti ya mshauri waliilisha Kichujio kwa utani. Asilimia mia. Ya chuo kingine, mbali sana, chenye bwawa.

"Ila hili moja linanitatiza, mama," afande alisema. "Wewe unaujua mlango huu. Kwa nini hukuwaambia?"

Shangazi alikuwa anatazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ukagusa kumi na mbili. Akasubiri dakika moja zaidi, akikamua dekio taratibu. Simu ikatetemeka kiunoni. Ujumbe wa binti yake ulikuwa na maneno matatu: *Imefungwa. Bado ipo.*

Akairudisha simu chini ya kanga.

"Niliwaambia, baba. Jana, saa tisa. Wakaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi." Akachukua ndoo. "Nyanyua mguu, nimalizie hapo."