Shemeji Alinisaidia Kudai Pikapu Yangu

Nina miaka arobaini na mmoja, nimeachika, nina watoto watatu, na naishi Kamembe hapa Rusizi. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaeleza bado yananichoma...

Nauza mchele. Zamani niliuchukua kwenye mashine za Bugarama na kuupandisha Kamembe kwa pikapu yangu mwenyewe. Nasema yangu! Nilipoachika kule Bukavu niliuza vitenge vyote nilivyokuwa navyo, nikavuka mpaka kuja Rwanda na kuinunua.

Ila kitambulisho changu cha Rwanda kilikuwa bado hakijatoka. Kadi ya njano ya gari ikaandikwa jina la shemeji, Papa Yusufu, mume wa dada yangu Mwamini. Kitambulisho kilipotoka, niliona haya kumwambia tubadilishe. Angeniona namdhania mwizi. Nikasema kesho, kesho kutwa...

Siku moja, nikitoka Bugarama, niliegesha Gitambi, nikavuka barabara kununua maharage. Nikasikia honi ndefu. Lori kutoka mpaka wa Ruhwa, breki hazishiki! Mungu alimnusuru dereva, lakini pikapu yangu ilibanwa ukutani ikawa chapati. Nililia kama mfiwa.

Bima ya lile lori ikakubali kulipa. Kiasi gani sasa? Wallahi, walitaja pesa ya vyuma chakavu! Eti gari zee. Nyumbani sufuria zilikuwa tupu, nikataka kukubali tu yaishe. Papa Yusufu akanishika mkono.

"Maman Aisha, usikubali! Bakulipe bei ya gari, hapana ya byuma."

Nikapata nguvu. Fundi aliyeniwekea injini mpya akaniandikia ushahidi. Nikazunguka kwa wauza magari kuuliza pikapu kama ile inakwenda bei gani. Nikapeleka na picha za kabla ya ajali. Kila tulipokwenda ofisini, shemeji alikaa pembeni yangu, shati limepigwa pasi. Wakaongeza. Akaninong'oneza tukatae. Wakaongeza tena.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Dada Mwamini aliacha kuja kwangu. Nikimpigia simu, yuko sokoni, yuko msibani, kichwa kinamuuma... Nilipomfuata kwake, alinishika mkono kama anayetaka kusema neno. Mumewe akakohoa chumbani. Dada akauachia mkono wangu na kuniuliza habari za watoto. Nikajiambia dada amechoka tu. Mjinga mimi!

Hatimaye wakataja bei ya haki. Nilipiga vigelegele mle mle ofisini! Nikachukua kalamu nisaini. Mama wa bima akanizuia kwa upole.

"Pole, Maman. Muntu mwenye jina iko kwa kadi, yeye njo anasaini, njo anapokea."

Yaani shemeji ndiye asaini. Nikamwachia kalamu, nacheka, namhimiza afanye haraka twende. Akasaini.

Nikangoja jioni ile aniletee pesa. Nikangoja wiki... Nilipomwendea, alinijibu bila kupepesa macho kwamba gari lilikuwa lake, kadi inasema hivyo, na mimi alinipa tu nitafutie watoto riziki. Ya Rabi! Kumbe muda wote ule nilikuwa nampigania mwizi wangu apate zaidi?

Wazee wa msikiti wakatuita. Waliuliza nani aliniona nikilipa gari lile. Aliyeniona ni mmoja tu, dada yangu, tumbo moja. Mwamini alitazama mkeka akasema hakumbuki...

Leo Papa Yusufu ana pikapu nyingine, na dada ndiye anayekusanya nauli. Juzi mvua ilinikuta Bugarama, magunia yanalowa, hakuna gari. Wakasimama. Ningefanyaje? Nilipanda. Niliposhuka Kamembe nikamnyooshea dada nauli, nikidhani atakataa walau mara moja. Aliihesabu, akaiweka mfukoni.

Nawasihi, kikulacho ki nguoni mwako! Gari, shamba, hata baiskeli, kama ni jasho lako, nenda leo ukaliandikishe jina lako. Ndugu akinuna, mwache anune. Mimi nilichelea kumuudhi shemeji, na sasa sina gari wala sina dada.