Maneno Aliyotiwa Mama yake Kukhu

Siku ya soko, Kakamega imefurika watu, spika moja ilimdaka Awinja katikati ya umati.

"Dada wa gauni la njano! Kanyaga polepole, moyo wangu umeanguka hapo chini!"

Mlangoni pa banda la video alisimama kijana mrefu, shati la maua, maikrofoni mkononi. Ndiye Nehemiah, fundi wa kutafsiri filamu za Kichina, akimtilia kila mtu maneno kinywani.

"Si uuokote? Unazibia watu njia!" Awinja akamjibu, na soko likacheka.

Basi simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, na sikukuwekea." Hata ikapangwa Nehemiah aende Khayega kwa wazazi wa Awinja.

Ndipo Awinja alipomwambia la nyumbani kwao. Mama mzazi wa kukhu Ayuma, yaani wa nyanya yake Awinja, akiwa msichana, aliigiza katika filamu ya Wazungu, moja ya zile za zamani zisizo na sauti: binti ampendaye mpiganaji wakati wa uasi dhidi ya mkoloni. Filamu ilipotea kabla mtu wa kwao hajaiona. Kijijini wakasema hakuwa akiigiza, aliuza watu wake kwa Wazungu kweli, na ukoo ukatembea na aibu hiyo.

Nehemiah alitafuta mtandaoni mpaka akapata kipande kifupi, kilichobaki peke yake. Akatangaza atakionyesha bandani. Awinja akamleta kukhu, amevaa gauni lake la kanisani, ili amwone mama yake.

Msichana akatokea ukutani, mwembamba, shuka begani, mbele ya afisa wa Kizungu. Midomo ikacheza bila sauti. Watu wakaanza kupiga miayo. Nehemiah, kwa mazoea yake, akatafuta kicheko:

"Bwana mkubwa, nitakuonyesha walipojificha, bora tu unioe!"

Banda likalipuka. Kukhu Ayuma akainuka, akapapasa ukuta, akatoka.

Awinja hakushika simu siku nyingi. Aliposhika, Nehemiah alisema, "Sikujua amekuja, mpenzi."

"Kwa hivyo asingekuja ingekuwa sawa?"

Nehemiah akaanza kujitetea, Awinja akamkata:

"Ulijua ni nani wetu, Nehemiah. Na safari ya kwetu, ifute."

Alikuja hata hivyo, mchana wa jua kali, kompyuta kwapani, bila maikrofoni. Akapiga magoti mbele ya kukhu.

"Kukhu, nimekukosea. Nimekuletea mama yako, bila mdomo wangu."

Kukhu alitazama, akasema irudiwe. Akagusa kioo kwa kidole.

"Sikumjuanga akiwa kijana," alisema. "Kumbe alikuwa na shingo ndefu hivi." Halafu akalia, na Nehemiah akairudisha picha mwanzo.

Nje, chini ya kamba ya nguo, alimwuliza Awinja, "Bado tuko pamoja?"

"Nijibie. Si ndiyo kazi yako?"

"Hilo siwezi. Hilo ni lako."

Awinja alianua nguo za mtoto wa dada yake, moja baada ya nyingine, akizikunja taratibu. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa na hamu naye sana.

"Njoo na wazee wenu," alisema mwishowe. "Nakupenda. Lakini kwa lile banda lako, mimi sikanyagi tena."

Nehemiah akaitikia kwa kichwa, akampokea kapu la nguo.